Mwamba Uliochelewa Kujibu

Ni nini kilichowarusha mnandi jioni ile? Nimejiuliza swali hili kwa miaka mingi, kwenye vikao vya kazi, kwenye foleni za benki, na sijapata jibu la kuniridhisha. Nilipoukanyaga mwamba wao nilikuta sababu mbili, kila moja ikitosha yenyewe, na hakuna aliyeweza kuniambia ni ipi iliyotangulia. Watu ninaowasimulia hunishangaa, wakasema kwamba jambo kubwa lilikuwa jingine. Ni kweli. Lakini mimi niliwatazama ndege wale wakiruka, nikafurahi, na ningependa kujua nilikuwa nafurahia nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, enzi za ruksa. Mjomba wangu alikuwa amepunguzwa kazi katika shirika la umma ambalo lenyewe lilikuwa mbioni kuuzwa. Wenzake walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua vibanda vya mitumba Mabatini. Yeye alinunua boti, injini ya kupachika na mahema, akatangaza kwamba atawapeleka Wazungu kisiwani wakatazame ndege. Majirani zake wa Pasiansi walisema kiinua mgongo kimempanda kichwani.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, wakati serikali imesimamisha kuajiri. Nilipanga chumba Mkolani, nikafundisha masomo ya jioni watoto wa wafanyabiashara.

“Mjomba,” aliniambia siku aliyonifuata, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, “Kiingereza chako kinaoza bure. Njoo ukitumie.”

Nikaenda. Kisiwa kilikuwa safari ya asubuhi nzima kwa boti kutoka Mwanza: kilima kimoja cha mawe, mashamba ya mihogo, kijiji cha wavuvi wa sangara, na upande wa kaskazini, ghuba ndogo tulikopiga mahema. Mbele ya ghuba, mbali kiasi cha mtu kuonekana kama punje kwa macho matupu, palikuwa na mwamba umejitenga ndani ya ziwa, mweupe kwa mavi ya ndege. Mnandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, walitaga huko kwa mamia, wakichanganyika na yangeyange weupe na kwarara. Wageni walikuja kwa ajili ya mwamba huo.

Kazi yangu ilikuwa kuwaamsha wageni kabla jua halijachomoza, kuwapa chai, kuwatembeza kilimani na kuwatajia kwa Kiingereza majina ambayo nilikuwa nimeyasoma usiku uliotangulia katika kitabu chao wenyewe. Jioni tuliketi kwenye jabali la juu ya kambi, darubini kubwa ya miguu mitatu ikielekezwa mwambani, tukawatazama ndege wakirudi kulala. Wanakijiji hawakuelewa likizo ya namna hiyo, na hawakuficha.

“Msomi!” walinipigia kelele kutoka kwenye nyavu zao. “Leo mmeona kuku wangapi?”

“Wale hawali ndege, wanawatazama tu.”

“Kwa hiyo wamelipa nauli ya ndege kuja kutazama ndege? Si wangetazama dirishani wakiwa njiani!”

Mjomba alicheka nao. Alijua kwamba anakaa pale kwa hisani. Mwamba ule ulikuwa na mwenyewe, bibi mmoja wa ukoo ulioutunza tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Katika kisiwa kile, mnandi wakishalalia mayai, hakuna mguu wa mtu unaoukanyaga mwamba mpaka makinda yaruke, na hakuna mtumbwi unaosogea karibu kuliko jiwe la kurushwa kwa mkono linavyoweza kufika. Waliamini kwamba ndege wakihama, dagaa watawafuata, na samaki wakubwa watawafuata dagaa. Bibi alimruhusu mjomba kupiga mahema kwa sharti moja: wageni watauzunguka mwamba kwa mbali, injini imezimwa, na siku atakapoukanyaga mtu wa kambi, mahema yatang'olewa. Mjomba aliapa mbele ya wazee. Kambi ile haipo leo, na msomaji atajua sababu yake.

Nieleze desturi mbili zaidi, maana bila hizo hakuna kitakachoeleweka. Ya kwanza: kisiwani pale jina la mtu halitamkwi kwa sauti majini. Wavuvi huitana kwa mluzi, kwa tusi la kirafiki, kwa “wewe wa koti jekundu,” lakini si kwa jina. Waliamini kwamba ziwa likishalisikia jina, halilisahau. Ya pili ni dada yake: mtu akipotea ziwani, mitumbwi yote huacha kazi na kumtafuta, na badala ya kumwita, watafutaji hugonga ukingo wa mtumbwi kwa kafi mara tatu, kisha hunyamaza. Aliyepotea, kama yu hai, hujibu kwa kugonga vivyo hivyo, mara tatu.

Jioni ninayoizungumzia tulikuwa na wageni wawili, mume na mke, walimu wastaafu. Mume alikuwa mtu wa haraka na wa kuuliza. Mke alikuwa na goti bovu na subira ndefu. Mchana upepo mkali ulikuwa umepita, ukalaza nyasi na kuondoka. Tuliketi jabalini. Jua lilikuwa bado juu ya maji, na ndege walikuwa wamekwisha kutua kwa ajili ya usiku. Ghafla wote wakaruka. Mwamba wote ulibadilika rangi, kana kwamba mtu ameuvua nguo, na mawingu mawili ya mabawa, jeusi na jeupe, yakapishana angani bila kugusana. Mzee yule alisimama, akapiga makofi. Mkewe alinishika mkono. Nami, niliyekuwa nimezoea, nilisikia kifua kikinijaa furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ya mahafali yangu.

“Ni nini kimewarusha?” aliuliza mzee.

Nilimjibu kwa uhakika wa mtu anayelipwa ili ajue. “Furukombe, tai mla samaki. Atakuwa amepita chini.”

Hatukumwona furukombe.

Kesho yake asubuhi mtumbwi ulikutwa ufukweni umepinduka, kafi hamna. Ulikuwa wa mume wa mpishi wetu. Alikuwa ametoka mchana kukagua nyavu zake, na mkewe, aliyetupikia chakula cha jioni, alidhani ameyakimbilia makambi ya wavuvi ya upande wa pili, kama alivyofanya kila upepo ulipomkuta mbali. Sasa alisimama kando ya mtumbwi ule, ameshika mwiko, maana alikuwa ametoka mbio jikoni, akasema neno moja tu: “Wake.”

Siku hiyo hapakuwa na uvuvi wala utalii. Mjomba aliitoa boti, nami nikaiendesha. Tulikwenda pamoja na mitumbwi yote, tukizima injini, tukigonga ukingo mara tatu, tukinyamaza, tukisikiliza, tukisonga mbele. Sijui kazi inayochosha masikio kama hiyo. Kila kimya mtu hukijaza kwa matumaini yake, kisha hukimwaga. Tulipofika upande wa mwamba, mitumbwi ilijitenga kwa umbali ule ule wa sheria. Tuligonga. Mwamba ukajibu mara tatu, katikati ya kelele za ndege. Hakuna aliyegeuza shingo. Uso wa kaskazini wa mwamba ule ni ukuta wa jiwe, na tangu utoto wao walijua kwamba hurudisha kila sauti. Wenyewe waliuita mwamba unaojibu. Tukapita.

Jioni tulirudi mikono mitupu. Pwani kijiji kilikuwa kimegawanyika kimya kimya. Wanaume waliofunga mitumbwi walizungumza kuhusu mikondo ya maji na siku ambazo mwili huchukua kuelea. Wanawake walikuwa wamekwisha kuketi chini uani kwa mpishi, lakini hakuna aliyethubutu kuanza kilio, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataa kuketi. Alikuwa amerudi jikoni kwetu, anapika wali wa wageni.

“Acha, mama,” nilimwambia. “Nitawachemshia viazi mwenyewe.”

“Nikiacha kupika, watasema nimekubali,” alijibu. “Niletee kuni, kaka yangu, usinionee huruma.”

Wageni walikuwa waondoke kesho yake. Mzee, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliniuliza kwa aibu kama kungekuwa na nafasi ya kuuona mwamba asubuhi kabla ya safari. Mkewe alimtazama, naye akayameza maneno yaliyobaki. Niliwaacha, nikapanda jabalini peke yangu. Nilitaka mahali pa kukaa ambapo hakuna mtu aliyetarajia jambo kwangu.

Darubini ilikuwa bado pale. Niliisogelea kwa mazoea. Ndege walikuwa wanarudi. Upande wetu, wa kusini, walitua wakibanana na kugombana kama kila siku. Lakini kundi lingine lilifika juu ya kilele, likashuka nyuma, upande wa kaskazini tusiouona, na papo hapo likapanda tena. Likazunguka. Likashuka, likapanda. Niliwatazama mpaka jicho likatoa machozi. Kulikuwa na kitu upande ule ambacho hawakukitaka.

Nilijionya. Kenge hupanda miamba kula mayai. Jambo hilo nilikuwa nimewaeleza wageni wengi. Kenge mmoja anatosha kuwanyima usingizi ndege mia. Nilishuka nikiwa nimejishawishi nusu.

Pale pwani vijana wawili waliokuwa nasi siku nzima walikuwa wanaosha miguu, wakijaribu kucheka, kama watu wanavyofanya wakichoka na huzuni isiyo na mwili.

“Leo hata mwamba umechoka,” alisema mmoja.

“Umelewa ule,” alisema mwenzake. “Hukusikia? Unagonga, umeshageuza kafi, umeshakohoa, ndipo unajibu. Zamani ulikuwa unakurudishia kabla hujafunga mdomo.”

Nilisimama palepale. Nimesoma jiografia, najua kwamba ukuta wa jiwe haulewi. Sauti huenda na kurudi kwa mwendo wake, wala haikawii njiani. Lakini sikuhitaji chuo kikuu kujua hilo, na hata wao walijua, ndiyo maana walicheka. Nikaona mambo yote mawili kwa pamoja: mtu upande wa kaskazini, ameshika jiwe, anasikiliza mara tatu zetu na kujibu mara tatu, kwa heshima zote, kama alivyofunzwa, na sisi, tuliofunzwa na walewale, tunapita tukisema ni mwamba. Kama angepiga mara nne tungemchukua. Kama angepiga kelele tungemchukua. Alikuwa anatii.

Au hapakuwa na mtu, bali kenge na uchovu wa masikio.

Nilimfuata bibi nyumbani kwake kabla giza halijaingia. Alikuwa kibarazani, anachambua dagaa kwenye ungo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Msomi, umekuja kuniambia ndege wangu wanaitwaje kwa Kizungu?”

Nilimweleza yote, ndege na mwamba uliochelewa. Hakuacha kuchambua.

“Umemwona?”

“Hapana, bibi.”

“Umesikia sauti yake?”

“Nimesikia kugonga.”

“Kugonga tumesikia wote. Tangu mama yangu hajazaliwa.” Akarusha kichwa cha dagaa kwa kuku. “Yule ni mtoto wa kaka yangu. Usidhani wewe ndiye unayemlilia zaidi. Lakini nikisema ndiyo kwa ajili yake, kesho atakuja mwingine ameota, na mwingine kuku wake amepotea. Mayai yanakaribia kuanguliwa. Ndege wakihama, watoto wa kijiji kizima watakula nini, vitabu vyako?”

“Na kama yuko pale, bibi?”

Mikono yake ilisimama kwa mara ya kwanza. “Kama yuko pale,” alisema, “anajua kwa nini hatuji.”

Sijawahi kusikia sentensi iliyonitia baridi kama hiyo, na mpaka leo siwezi kusema ilikuwa ya kikatili. Alisema hapana. Aliimaanisha.

Mjomba nilimkuta kwenye boti. Alikuwa amekwisha kung'oa plagi ya injini, ameifunga kwenye leso na kuitia mfukoni. Alinijua vizuri kuliko nilivyopenda.

“Nimeona ulikotoka,” alisema. “Usianze.”

“Mjomba, nisikilize.”

“Nisikilize wewe. Niliapa. Nilinyoosha mkono huu mbele ya watu. Kule mjini nilifukuzwa na watu nisiowajua, kwa karatasi. Hapa nikifukuzwa, nitafukuzwa na watu niliokula nao. Na yote kwa sababu ya ndege waliokosa usingizi?”

“Kwa sababu ya mtu.”

“Mtu unayedhani.”

“Ninayedhani, ndiyo.”

Nyuma yetu, jikoni, mpishi alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, na tulijua sote wawili kwamba sufuria ile ilikuwa safi tangu zamani.

“Umemwambia?” aliuliza mjomba kwa sauti ndogo.

“Bado.”

“Usimwambie. Ukimpa tumaini la uongo utakuwa umemwua mumewe mara mbili.”

Hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari za kambi na viapo. Hili lilikuwa la haki. Nilikwenda hemani kwangu, nikalala chali na viatu miguuni, nikalipima: mayai ya kijiji dhidi ya pumzi ya mtu mmoja ambaye labda hayupo, kiapo cha mjomba, mwanamke anayesugua sufuria. Nilikuwa nimefundishwa kupima mambo, na kila nilipopima mzani ulilala upande tofauti. Kilichoniamulia si hesabu. Nilikumbuka tu kwamba mimi peke yangu, kisiwani pote, sikuwa nimelelewa na mwamba ule. Jina la mtu majini halikuniogopesha. Wengine wangeweza kwenda wakiwa wamebeba woga wa vizazi. Mimi ningebeba aibu yangu tu. Kama kulikuwa na mtu wa kufanya kosa hili, alikuwa mimi.

Alfajiri nilimwendea mjomba, nikamwambia nitakwenda kwa mtumbwi wa kuazima kama ni lazima, ingawa sijui kupiga kafi, na kwamba nimemwambia mpishi.

“Alisemaje?”

“Ameshakaa botini.”

Alikuwa ameketi kweli kwenye omo, mbele kabisa ya boti, amejifunga khanga mbili, blanketi la kambi mapajani, na sufuria ya uji kati ya magoti, mikono yote miwili juu ya kifuniko. Hakututazama. Mjomba alimwangalia kwa kitambo, kisha akatoa leso yake, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua dawa, akaichomeka plagi mahali pake na kuikaza.

“Wageni watasubiri,” alisema. “Mama yule amesema watasubiri hata wiki. Vua viatu, angalau. Mayai hayana kosa.”

Pwani watu walikuwa wameanza kutoka. Bibi alikuwa miongoni mwao, amesimama na bakora yake. Nilivuta kamba ya injini huku wakinitazama. Wangeweza kutuzuia, ilikuwa hatua chache tu majini. Hawakutuzuia, wala hawakutuaga.

Tulipofika mpaka wa sheria nilizima injini kwa kuzoea, kisha nikaiwasha tena, tukauvuka. Kelele zilitupokea kama ukuta. Ndege walipanda juu yetu wakaficha anga, na harufu ya samaki na mavi ikatukaba. Tuliuzunguka mwamba hadi kaskazini. Mpishi aligonga ukingo kwa kafi mara tatu, akaniinulia kidole ninyamaze. Jibu likaja: mara tatu. Mimi nilitazama ule ukuta wa jiwe na sikuweza, wallahi, kusema kama lilichelewa.

Boti ikagusa mwamba. Nilishuka peku. Jiwe lilikuwa na utelezi, na kila nilipoweka mguu niliutafutia kwanza nafasi kati ya viota. Hata hivyo nilisikia kitu kikipasuka chini ya kisigino, laini, vuguvugu. Mbele yangu kenge mkubwa, mdomo umelowa ute wa yai, alinitazama bila haraka, akajivuta mpaka ukingoni na kujitumbukiza majini. Moyo wangu ulianguka pamoja naye. Basi ndiye, nilijisemea. Nimevunja kila kitu kwa ajili ya kenge.

Nikageuka kumtazama mpishi. Alikuwa amesimama botini, kafi mkononi, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa jina la mumewe ambalo hakuweza kulitoa. Hapo nilijaza kifua, nikaliita mimi. Jina lake kamili, la kwake na la baba yake, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, juu ya maji ya kwao.

Ndege wakanyamaza kidogo, au nilidhani hivyo. Kisha kutoka ndani ya ufa, chini yangu kabisa, sauti iliyokauka kama gamba ikauliza kwa hasira:

“Ni mjinga gani huyo anaita watu majini?”